Damu ya Mtoto na Lawama kwa Mama

Corona ilipoingia nchini mwaka 2020 tuliulizana: mbona watu wa nyumba moja, huyu augue sana na yule akohoe siku mbili tu? Sababu ni nyingi, na mojawapo ni vinasaba, yaani urithi tunaoupata kwa wazazi wetu. Hapa pwani, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, urithi wa namna hiyo tunaishi nao siku nyingi kwa ajili ya ugonjwa mwingine: malaria.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kuwa sehemu za Afrika Mashariki zenye malaria nyingi ndizo zenye watu wengi waliorithi selimundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, tena malaria kali humpata kwa nadra. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa. Seli nyekundu za damu yake hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndipo tunapoona mtoto amevimba vidole, macho yana manjano, mifupa inauma na damu imepungua. Kwake malaria ni hatari kubwa.

Mtoto huyo akilia usiku, majirani husema amerogwa. Wakwe nao husema ukoo wa mama una laana. Jamani, tusikubali maneno hayo! Ugonjwa huu hutokana na urithi wa baba na wa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba selimundu bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Si kosa la mtu.

Tufanye nini basi? Mtoto apimwe damu mapema. Alale ndani ya chandarua kila usiku, anywe maji ya kutosha, apate chanjo zote na asipigwe na baridi. Akipata homa tusingoje kupambazuke, tumkimbize hospitali. Tumwulize daktari pia juu ya haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

Vijana wetu wanaochumbiana nao wapime, wajue mapema walichorithi. Na baba afuatane nasi kliniki, kwa kuwa mtoto ni wa wote wawili.