Kalamu Iliyopasuka

Mtu akitazama kalamu ya mti iliyokerezwa vizuri hudhani ya kuwa kazi yake ni nyepesi. Huona kitu kidogo, laini, chenye kung'aa, kinachokaa vema kati ya vidole. Haoni zile zilizopasuka kabla yake. Leo nataka kunena habari za hizo zilizopasuka, kwa maana zimenifundisha kuliko zile zilizokamilika.

Huku kwetu Ukata, na katika Umatengo wote, mibuni ni mingi. Kahawa imelimwa huku tangu miaka ya 1920, na mbuni ukizeeka hung'olewa ukawa kuni. Lakini mti wake ni mgumu na rangi yake ni nyeupe yenye kuelekea manjano. Wafaa sana kwa kalamu. Mafundi wengine hutumia mpingo, mti wa taifa letu, umeao katika nchi za chini zenye joto, kama Tunduru na Namtumbo. Huo ni mweusi, na uzito wake ni mwingi hata ukitupwa majini huzama.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza mti hukaushwa pole pole kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta ili zisikauke upesi kuliko katikati. Kisha hukatwa vipande vya pembe nne, unene wa kidole gumba. Kila kipande hutobolewa kwa kekee toka ncha hata ncha, tundu la milimita 7, na ndani yake hutiwa mrija wa shaba kwa gundi. Gundi ikikauka, ncha husawazishwa. Ndipo kipande hufungwa katika mashine ya kukerezea, nayo hukizungusha, na fundi hukipunguza kwa patasi. Mwisho husuguliwa kwa msasa, hupakwa nta, na vyuma vya kalamu hushindiliwa mahali pake. Hapo mti uliobaki juu ya mrija ni mwembamba sana. Penye ncha haufiki hata milimita moja. Mti mwembamba namna hiyo hausitiri kosa lo lote.

Basi, mpwa wangu alikuja kwangu kujifunza kazi hii. Alileta gogo fupi la mbuni uliopandwa na marehemu baba yake, akataka kumfanyia kalamu dada yake mdogo aliyekuwa akienda kuanza sekondari. Gogo lile lilikuwa limepinda na kupasuka moyoni, tukapata vipande vinne tu vilivyo vizima.

Cha kwanza kilipasuka tulipokuwa tukitoboa. Nikamwonyesha sababu: alisukuma kekee pasipo kuitoa nje mara kwa mara, unga ukajaa tunduni, chuma kikapata moto, na moto ukaupasua mti. Cha pili kilimeguka upande ule kekee inapotokea. Hapo dawa yake ni kukata kipande kirefu kidogo, kutoboa, kisha kuikata ile ncha iliyoharibika.

Cha tatu kilikwenda vizuri. Kijana alikikereza kwa uangalifu, hata kikakaribia umbo lake. Ghafula mti ukaruka vipande vipande, shaba ikabaki tupu. Nikaudhika. Nikamwambia mbele ya vijana wengine ya kuwa mkono wake ni mzito, na ya kuwa ameharibu urithi wa baba yake. Hakujibu neno. Aliweka patasi chini, akainama, akaokota vile vipande kimoja kimoja, akatoka nje.

Jioni alinijia, vipande vikiwa katika kitambaa. Akasema, "Mjomba, naomba utazame hapa." Nikavisogeza penye taa. Upande mmja wa mti ulikuwa na gundi. Upande wa pili ulikuwa mkavu kabisa, kama siku ulipotobolewa. Mti haukushikamana na shaba. Ungeruka hata kwa mkono wa fundi mkuu. Na mirija ile niliitia gundi mimi, usiku, kwa haraka, pasipo kuikwaruza kwa msasa wala kuizungusha ili gundi ienee.

Siku ya pili nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomkaripia mbele yao. Haikuwa rahisi. Lakini baadaye nilisikia ya kuwa usiku ule alikuwa amekwisha funga mzigo wake arudi nyumbani.

Wamatengo tunalijua jambo hili mashambani. Mlimaji wa ngoro hulaza majani yaliyofyekwa kwa mistari yenye kupitana, akayafunika udongo, yakawa matuta yenye mashimo katikati. Akiyalaza ovyo, siku ile hakuna aonaye. Mvua kubwa ikishuka mlimani, ndipo tuta hukatika. Kosa huonekana mwisho, nalo limezaliwa mwanzo.

Ndivyo ilivyo kwa kalamu. Mti ukipasuka wakati wa kushindilia vyuma, tazama kama gundi iliganda ndani ya mrija. Ukiona upenyo kati ya mti na chuma, tazama kama ncha zilisawazishwa. Mpingo ukipata nyufa ndogo baada ya kung'aa, ujue msasa ulisuguliwa kwa nguvu hata ukaleta moto. Patasi ikikwama na kuumegua mti, tazama makali yake kabla ya kumlaumu aliyeishika.

Tangu siku ile tuna sanduku dogo karibu na mashine. Kila kalamu iliyoharibika huwekwa humo pamoja na karatasi inayoeleza ni mti gani, ulikauka muda gani, ni nani aliyetoboa, ni nani aliyetia gundi. Jina langu limo mara nyingi. Mwanafunzi mpya husomeshwa sanduku hilo kabla ya kushika patasi, kama anavyofundishwa kuvaa miwani, kufunga mikono ya shati, na kuziba pua, maana vumbi la mpingo huwasha.

Nanyi waalimu na wazazi, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto akikosa, msiitupe kazi yake motoni upesi. Ifungueni, mtazame toka mwanzo, hatua kwa hatua, na hatua zile zilizopita mikononi mwenu zitazameni kwanza.

Kipande cha nne tulikifanya pamoja. Kijana alitia gundi mwenyewe, akauzungusha mrija hata gundi ikatokea pande zote. Kalamu ilitoka nene kidogo, na karibu na ncha ina alama ndogo ya patasi. Dada yake anaandika nayo hata leo.