Uziwi wa Ukubwani: Tiba Ipi Ichaguliwe?

Alfajiri, mitumbwi inapowasili Rumonge na ndagala, bei hutajwa kwa sauti na hujibiwa kwa sauti. Mvuvi asiyesikia vema hupunjwa pale pale mchangani. Nyumbani nako hana raha. "Baba Asha, nakusemesha wewe wanyamaza!" hulalamika mkewe, akidhani ni kiburi. Askari aliyeishi na milio ya bunduki ayajua hayo.

Wengi huanza kwa kutia sikioni mawese ya uvuguvugu, na jirani akitaja dawa nyingine, huitia nayo. Ni hatari. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, vitu hivyo hupenya ndani na kuweza kuleta usaha.

Kabla ya kuchagua tiba sharti ijulikane ni sehemu gani iliyoharibika. Tabibu huchungulia sikio kwa taa, kisha hugonga chuma chenye umbo la uma. Kikilia, hukiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu mbele ya tundu lake. Anayesikia zaidi kwa mfupa, yaelekea njia ya sauti imezuiwa mahali. Huyo ana bahati: nta hutolewa, usaha hutibiwa, na kiwambo kilichotoboka mara nyingi hujiziba chenyewe baada ya majuma kadhaa; kisipojiziba, daktari bingwa aweza kukitia kiraka.

Lakini milio ya bunduki, mashine, uzee na baadhi ya dawa, kama streptomisini na jentamisini, huua chembe laini za sikio la ndani, nazo hazioti tena. Hakuna matone yatakayozirudisha. Ayauzaye sokoni kwa ahadi hiyo anauza maji. Askari aliyepatwa na hayo na avae vizibo awapo kwenye shabaha, asije akapoteza hata kilichobaki. Uziwi ulioingia ghafla, kwa siku moja hadi tatu, ni jambo jingine: mgonjwa asilale nyumbani, kwa kuwa dawa za majuma mawili ya kwanza zaweza kumwokoa.

Aliyeharibika sikio la ndani hubakiwa na kifaa cha kukuza sauti. Hakirudishi sikio la ujana. Hukuza maneno pamoja na makelele ya soko, na mwenyewe huhitaji majuma mengi kukizoea. Betri zake nyingi ndogo huisha kwa wiki moja au mbili. Tena hakipendi maji, hivyo mvuvi hana budi kukiacha nchi kavu. Basi kabla ya safari ya zaidi ya kilomita 70 kwenda Bujumbura, mume na mke waulizane: betri zitanunuliwa wapi? Kikiharibika nani atakitengeneza? Wakiamua kungoja hadi fedha zitimie, si ujinga. Upo pia upasuaji wa kutia waya katika sikio la ndani, kwa wale ambao kifaa hakiwafai, ila gharama yake ni kubwa mno.

Wakati wa kungoja, mama asiite kutoka jikoni. Aje mbele ya mumewe, taa ikimulika uso wake, aseme polepole pasipo kupiga kelele, kwa maana midomo nayo husomeka.