Je, Wajua? Sauti ya Kuze Iliyofika London

Kabla ya podikasti, Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa na baraza: benchi la mawe mlangoni, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na mazungumzo ya siasa na mashairi hadi usiku.

Katika mji huo, mtaani Kuze, alizaliwa Abdilatif Abdalla mwaka 1946. Mwaka 1968 alitoa kijikaratasi kilichoihoji serikali, *Kenya: Twendapi?* Kilimgharimu miaka 3 gerezani. Huko, peke yake selini, aliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani, mashairi yaliyochapishwa 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga!

Kuanzia 1979 hadi 1986 alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London.

Na mwaka huohuo wa 1979, mwana mwingine wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, alitoa redioni Mihadhara 6 ya Reith ya BBC kuhusu hali ya Afrika.