Sanaa, Ufundi na "Mji Kasoro Bahari": Hukumu za Wahakiki juu ya Morogoro na Dakawa

Wakazi wa Morogoro wameuzoea utani unaouita mji wao "mji kasoro bahari". Kisemantiki, neno kasoro katika kirai hiki halitaji aibu wala dosari; linatoa. Ni kasoro ileile ya saa mbili kasoro robo: kipo kizima kinachojulikana, kisha kinapunguzwa. Kizima hicho ni mji wa pwani, na Morogoro ni kinachobaki baada ya kutoa. Makala haya yanadai kwamba hukumu nyingi za wahakiki kuhusu sanaa ya Morogoro zina umbo hilohilo, na kwamba chanzo chake si dharau yao bali neno lenyewe wanalolitumia kupimia, yaani sanaa.

Hukumu yenyewe tumeisikia mara nyingi, semina baada ya semina. Inasema kwamba Morogoro ilikuwa na sanaa enzi za Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Tangu Mbaraka alipofariki mwaka 1979, mji umebaki na kumbukumbu. Wenye huruma humwongeza Afande Sele kwa upande wa bongo fleva. Sipingi ukubwa wa majina haya. Ila hata Mbaraka tumemsoma nusu. Mazoea yetu ya kugawa kila kazi katika fani na maudhui yametufanya tunukuu maneno ya nyimbo zake, tuhesabu dhamira, kisha tufunge daftari. Aliyewahi kumsikiliza anajua kwamba mara nyingi maneno huisha mapema, na gitaa ndilo linaloiendeleza hoja.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko Dakawa, katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Leo wengi huijua kwa mpunga. Mwaka 1982 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, ardhi mahali hapo, kuongezea ile ya Mazimbu ilikokuwa Shule ya Solomon Mahlangu. Miongoni mwa yaliyoanzishwa Dakawa ni mradi wa sanaa na kazi za mikono uliosaidiwa na Sweden, ambamo watu waliokuwa uhamishoni walijifunza kufuma na kutia nakshi vitambaa kwa kuchapa. Uhamisho ulipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi ulihamia Grahamstown, mji ambao sasa unaitwa Makhanda, na ukaenda na jina lake. Kwa hiyo Dakawa ni jina la kituo cha sanaa katika mji wa Afrika Kusini unaosifika kwa tamasha lake la sanaa, ilhali katika uhakiki wetu wa Kiswahili ni jina la kituo cha mabasi na magunia ya mchele.

Kwa nini hatukuuona mradi huo? Nadhani jibu limo katika historia ya neno. Sanaa limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza, na katika Kiswahili cha awali lilihusu kazi ya mkono iliyofanywa kwa ustadi: mchonga milango, mfua fedha na mfumaji wote walikuwa ndani yake. Kadiri taaluma yetu ilivyojijenga katika vyuo vikuu, neno likasogea upande wa fasihi na maonyesho, na kazi za mikono zikaachiwa neno ufundi. Msanii akawa mwenye maneno na jukwaa. Mwenye kitanda cha mfumi akabaki fundi. (Mitaani neno limesogea mbali zaidi, kwani "kufanyiwa usanii" ni kutapeliwa, huenda wananchi wameona jambo fulani kuhusu wenye maneno.) Mgawanyo huu ukishakubaliwa, kusema kwamba Dakawa haikuwa na sanaa hakuhitaji utafiti wowote. Kamusi imekwishaamua.

Mwanafunzi mmoja wa umahiri aliwahi kuniletea pendekezo la kuchunguza vitambaa kama matini. Jopo lilimrudishia kwa maelezo ya sentensi moja: hii si fasihi. Akabadili mada, akaandika kuhusu majina ya kanga, akapita bila shida. Nilimshauri hivyo mwenyewe, na sijivunii ushauri huo. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, lakini katika tafiti zetu nyingi jina ndilo lililosomwa, na mji, ile sehemu ya katikati yenye picha na rangi, ukachukuliwa kuwa pambo. Tumeifanyia kanga tulichomfanyia Mbaraka.

Itasemwa kwamba mradi wa Dakawa ulikuwa wa wageni, kwa hiyo si sanaa ya Morogoro. Pingamizi hili lina uzito, lakini halilingani na tunavyowatendea wengine. Hatujawahi kuikataa Cuban Marimba kwa sababu ya Kuba iliyomo katika jina na midundo yake. Tunakubali kwamba kilichotoka ng'ambo kilifanywa cha Morogoro na watu waliokipiga na kukicheza hapo. Kitambaa kinastahili kuulizwa swali hilohilo kabla ya kuhukumiwa.

Na swali hilo ni la kiisimu pia. Kiswahili kina mtande kwa nyuzi za urefu na mshindio kwa zile zinazopitishwa katikati, maneno ambayo wasomaji wengi wa jarida hili watahitaji kamusi ili kuyathibitisha. Je, katika karakana za Dakawa, walikokutana wasemaji wa Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiingereza katikati ya wenyeji wanaosema Kiswahili, nyuzi hizo ziliitwaje, na ni maneno gani yaliyosafiri hadi Makhanda? Waliokuwa vijana mwaka 1982 sasa ni wazee, huku na kule. Mtafiti atakayekwenda kuwauliza aanze na majina ya vifaa, kabla hajawauliza kama kazi yao ilikuwa sanaa.