KUPELEKA NYUMBANI VITU VILIVYONUNULIWA SAFARINI KWA GHARAMA NAFUU

Kila mwaka watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba husafiri nchi za nje kwa masomo, matibabu, biashara, ibada na kuwazuru jamaa zao walioko Muscat, Dubai na kwengineko. Ni desturi yetu kwamba msafiri harudi mikono mitupu. Hata hivyo, aghalabu msafiri huikumbuka mizani siku ya kuondoka tu, akiwa tayari amesimama uwanja wa ndege. Hapo hutakiwa ama alipie uzito uliozidi kwa bei ya juu, ama afungue sanduku mbele ya watu na kuacha sehemu ya vitu alivyovinunua kwa masurufu aliyojinyima kwa miezi kadhaa.

Makala haya yanakusudia kueleza namna hasara hiyo inavyoweza kuepukwa. Jambo la msingi ni hili: gharama ya mzigo huamuliwa na uzito, ukubwa na haraka. Msafiri anayeyapima mambo hayo matatu mapema, na kuugawa mzigo wake kwa mujibu wake, hulipa kidogo kuliko anayetaka vitu vyote vifike kwa njia moja.

NJIA YA POSTA

Nchi karibu zote duniani zimo katika Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874. Kwa sababu hiyo, mzigo uliotiwa posta ugenini hukabidhiwa Shirika la Posta la hapa kwetu bila ya mpelekaji kutafuta wakala. Pakiti ndogo hupokelewa hadi kilo 2, nayo hufaa kwa kanga, vitambaa na zawadi nyepesi. Vitabu huruhusiwa hadi kilo 5 katika pakiti moja, na baadhi ya nchi zina mfuko maalumu wa machapisho wa hadi kilo 30 kwa mpokeaji mmoja. Mtumishi anayerejea kutoka masomoni na aulizie huduma hiyo kabla ya kuvitia vitabu vyake katika sanduku la nguo. Vifurushi vikubwa huwa na kikomo cha kilo 20 au 30, kwa kutegemea nchi.

Inafaa pia kuuliza iwapo posta ya nchi hiyo bado inapeleka mizigo kwa njia ya meli. Si zote zinazofanya hivyo. Marekani, kwa mfano, iliisitisha huduma hiyo kwa wananchi wa kawaida mwaka 2007.

KAMPUNI ZA HARAKA NA HESABU YA UKUBWA

Kampuni za kupeleka mizigo kwa haraka hufikisha mzigo kwa siku chache, lakini haziangalii mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, kisha aghalabu hugawa kwa 5,000. Jawabu likizidi uzito wa mizani, ndilo linalolipiwa. Chukulia boksi la mablanketi lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Mizani husema kilo 6, lakini hesabu hiyo hutoa kilo 24. Basi njia hii na itumike kwa nyaraka na vitu vidogo vya thamani, na boksi lisibebe hewa.

NJIA YA MELI

Mizigo mikubwa isiyo na haraka, kama vyombo vya nyumbani na vipuri, hufaa kuchanganywa na ya watu wengine katika kontena moja. Malipo aghalabu huwa kwa mita za ujazo. Boksi la mablanketi tulilolitaja ni mita za ujazo 0.12 tu, ingawa mawakala wengi huweka kiwango cha chini cha malipo, na safari huchukua wiki kadhaa au zaidi. Kabla ya kulipa, muulize wakala kwa maandishi: je, bei hii ni hadi Dar es Salaam au hadi Unguja? Rahisi huvunja upishi. Wengi wamefurahia bei ndogo, kisha wakalipia upya kuvuka bahari.

USHURU NA TAMKO LA KWELI

Kila mzigo huandikiwa tamko la forodha. Pakiti ndogo yenye thamani ndogo hutumia fomu CN 22, na kifurushi hutumia CN 23. Viwango vya ushuru vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu mwaka 2022, 35. Vitabu vimo katika kundi la asilimia 0. Kodi nyengine huongezwa kwa mujibu wa sheria. Kwa mzigo wa meli, ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli na bima. Kitu cha dola 200 kilicholipiwa nauli na bima ya dola 40, kikiwa katika kundi la asilimia 25, hutozwa ushuru wa dola 60, wala si 50.

Wapo wanaodhani kuwa kuandika thamani ndogo ni kubana matumizi. Jambo hilo ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Tena, mzigo ukipotea, aliyeandika dola 10 hatakuwa na hoja ya kudai 200.

MAMBO YA KUZINGATIA

(a) Manukato yenye spiriti na betri za akiba za kuchajia simu zisitiwe katika mzigo wa posta ya ndege, kwani huhesabiwa kuwa ni vitu vya hatari. Betri hizo huchukuliwa na abiria mwenyewe katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.

(b) Andika jina kamili la mpokeaji, sanduku la posta, nambari ya simu, Zanzibar, na mstari wa mwisho TANZANIA kwa herufi kubwa. Nakala ya anwani iwekwe pia ndani ya boksi.

(c) Hifadhi risiti za ununuzi na stakabadhi ya posta. Nambari ya kufuatilia mzigo wa posta huwa na herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ulikotoka. Bila nambari hiyo ni vigumu kuutafuta.

Msafiri na aanze kupeleka vitu vizito wiki kadhaa kabla ya kurejea, na siku ya safari abakie na sanduku analoliweza. Zawadi itakayochelewa kwa mwezi mmoja bado ni zawadi. Iliyoachwa uwanja wa ndege haimfikii mtu.