Hakuna dawa ya kumrefusha kipa

MAMA mmoja ambaye huuza ndizi katika soko la Makutano, hapa mjini Meru, aliniletea mwanawe wa miaka 14 siku moja jioni, wagonjwa wengine wakiwa wamekwisha kwenda zao. Alihakikisha mlango umefungwa, akaketi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, ipo dawa ya kumrefusha mtoto?"

Kijana wake ni kipa. Jumamosi iliyokuwa imepita, mtu mmoja wa kusaka vipaji alikuja kutazama mechi ya watoto, akasimama nyuma ya lango kwa muda wa dakika 20 hivi, akatoa hukumu yake: mikono anayo, ujasiri anao, lakini kimo hana. Akaandika jina la kipa wa upande wa pili, kijana aliyekwisha kuota ndevu. Tangu siku hiyo mtoto wa mama huyu hakuwa akila vizuri, na mama mwenyewe alikuwa ametoa shilingi 2,500 kununua mkebe wa unga ambao muuzaji alimwapia kuwa humwongezea mtu inchi tatu kwa miezi mitatu.

Msomaji, endapo nawe unao mkebe kama huo nyumbani, pesa zako zimekwisha kwenda na maji. Hakuna kidonge, unga wala mafuta ya kupaka ya kumrefusha mtoto mwenye afya. Ipo homoni ya ukuaji, ambayo hutolewa kwa sindano, lakini hiyo ni tiba ya magonjwa machache ambayo lazima kwanza yathibitishwe na mtaalamu, nayo ni ghali mno. Kuning'inia kwenye tawi la mparachichi pia hakurefushi mifupa. Nimewahi kutibu mkono uliovunjika kwa ajili hiyo.

Badala ya dawa, nilichukua utepe wa kupimia. Kijana alikuwa na sentimita 150. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, wastani wa mvulana wa miaka 14 ni sentimita 163 hivi. Kwa hivyo mtu wa vipaji hakusema uongo; kwa siku ile, mtoto alikuwa mfupi. Kisha nilimpima mama mwenyewe nikapata 168, na baba, tulipompigia simu, akatuambia yeye ana 181.

Hebu chukua kalamu. Jumlisha kimo cha baba na cha mama kwa sentimita. Kama mtoto ni mvulana ongeza 13, kama ni msichana punguza 13, kisha gawanya kwa mbili. Kwa kijana huyu jawabu ni 181. Hesabu hii si ramli. Mtoto anaweza kuishia sentimita nane hivi juu ya jawabu hilo au nane chini yake, na wachache hutoka nje ya mipaka hiyo. Hata hivyo, huyu akiangukia chini kabisa ya kadirio hilo atafika 173, na hapo hakuna atakayemwita mbilikimo.

Jambo ambalo wasaka vipaji wengi husahau ni kwamba watoto hawapandi ngazi ya ukuaji kwa saa moja. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kuu wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14. Lakini mvulana mmoja anaweza kuanza miaka miwili mapema na mwenzake miaka miwili baadaye, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Mwaka wa kasi hiyo ukifika, mvulana huongeza sentimita tisa au zaidi. Ukiwasimamisha wawili hao langoni siku moja, mmoja anacheza na mwili wa mtu mzima na mwingine na mwili wa mtoto, ingawa vyeti vyao vya kuzaliwa vinalingana. Wa pili huenda ndiye atakayekuwa mrefu zaidi mwishowe.

Kijana wangu alikuwa wa aina hiyo ya pili. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba, na dalili za kubalehe ndizo kwanza zilikuwa zinaanza. Nilimuuliza baba kwenye simu yeye alirefuka lini. Akacheka, akasema suruali ya shule ilimwacha wazi vifundo vya miguu alipokuwa kidato cha tatu. Ukuaji wa kuchelewa aghalabu hurithiwa, kwa hivyo nililihesabu jibu hilo kuwa sehemu ya vipimo.

Hata hivyo, si kila mfupi ni wa kuambiwa asubiri tu. Mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, msichana wa miaka 13 ambaye matiti hayajaanza kuota, au mtoto anayeongeza chini ya sentimita nne kwa mwaka, mlete hospitali. Hali kadhalika mtoto anayeharisha mara kwa mara, au ambaye viganja vyake vimepauka kwa upungufu wa damu.

Huenda ukashangaa nikikupeleka Kanada, lakini wako watu waliosoma kosa hili kwa takwimu huko. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa hoki ya barafuni, ule mchezo wa magongo unaochezwa kwa viatu vyenye vyuma vya kuteleza. Waliona kwamba waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa wengi mno kupita waliozaliwa mwishoni mwa mwaka. Sababu yake haikuwa nyota. Watoto walikuwa wakipangwa kwa rika kuanzia Januari mosi, na aliyezaliwa mwezi huo alikuwa amemzidi wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Alionekana hodari, akachaguliwa, akapewa mwalimu bora na mechi nyingi, na mwishowe akawa hodari kweli.

Mchezo huo si mgeni kabisa kwetu. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi ulifunguliwa mwaka 2005, humo ikazaliwa timu ya Ice Lions, na mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada kucheza. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Katika hoki hiyo, kipa ndiye huwatia wasaka vipaji aibu kuliko wengine. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini hugawana chipukizi kwa zamu, klabu baada ya klabu, na wanaotajwa mwisho ndio wanaodhaniwa hafifu. Dominik Hašek alitajwa katika raundi ya 10 mwaka 1983. Henrik Lundqvist alikuwa wa 205 mwaka 2000, na Pekka Rinne wa 258 mwaka 2004. Wote watatu walikuja kutunukiwa kombe la kipa bora wa ligi hiyo, Hašek mara sita. Kazi ya kulinda lango huiva polepole, kwa sababu nusu yake ni kusoma mchezo, na kusoma huko huja kwa miaka. Upande wetu wa soka, Denis Onyango wa Uganda alipita klabu kadhaa na kutolewa kwa mkopo kabla ya kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Mamelodi Sundowns mwaka 2016, akiwa na miaka 31. Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45.

Sasa, uchu wa miili mikubwa unazaa dhambi nyingine ambayo sote tunaijua, nayo ni kupunguza umri. Mwaka 2009 FIFA ilianza kupiga picha za sumaku za kifundo cha mkono katika mashindano yake ya wavulana wa chini ya miaka 17, maana mifupa ya hapo ikiwa imekwisha kufunga kabisa, ni nadra sana mwenyewe kuwa chini ya umri huo. Kwenye viwanja vya mitaani hakuna mashine hiyo. Anayeumia ni mtoto wa kweli wa miaka 13 anayerukiana na mwanamume.

Kifundo cha mkono ndicho kilichoharibu jioni ile. Nilipomwambia kijana anyooshe mikono nipime upana wake, wa kushoto haukunyooka vizuri. Nikabonyeza karibu na kifundo, upande wa kidole gumba, akauma meno. Mama alishangaa, hakuwa amejua lolote. Kumbe wiki mbili kabla alizuia shuti la karibu, mkono ukapinda nyuma, akaufunga kitambaa na kuendelea kudaka. Hakusema, kwa sababu mtu wa vipaji alikuwa aje Jumamosi.

Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoizunguka, na katika miezi ya kurefuka kwa kasi huwa dhaifu zaidi. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingekuwa mteguko tu, kwa mtoto huenda likawa ufa kwenye sehemu hiyo, na ufa ukipuuzwa mfupa unaweza kukua kombo. Kwa sababu hiyo nakusihi, mzazi: mkono wa mtoto ukivimba au ukiuma ukibonyezwa, usimpeleke kukandwa. Kumkanda mtoto mwenye ufa ni kuusogeza ufa. Mpeleke apigwe eksirei. Angalia pia mpira wanaochezea. Madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi mwaka 2001 uliohusisha kuvunjika kwa vifundo vya makipa wadogo na mipira ya ukubwa wa watu wazima. Wa chini ya miaka 12 achezee namba 4.

Yako mambo mengine yanayomfanya kipa mdogo aonekane hana kipaji. Akirefuka ghafla, miguu na mikono humponyoka. Mipira aliyokuwa akiidaka juzi inampita, na magoti au visigino vinauma. Hali hiyo hupita. Aidha, kabla hujasema mtoto anaogopa mipira ya mbali, mpime macho. Asiyeona vizuri ubao darasani hataona shuti likiondoka mguuni mita 25. Halafu kichwa: Loris Karius alipofungwa mabao mawili ya ajabu katika fainali ya Ulaya mwaka 2018, dunia ilimcheka, lakini siku chache baadaye madaktari wa Boston walimkuta na dalili za mtikisiko wa ubongo baada ya kugongwa katika mechi hiyo hiyo, wakasema huenda ulimwathiri. Mtoto akigongwa kichwa kisha akapepesuka, akatapika, akasahau matokeo ya mechi au akalalamika mwanga, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo hata akilia.

Kuhusu chakula sina mengi ya kumfundisha mama wa Meru. Githeri, ndengu, mayai, maziwa, uji wa wimbi, mboga za majani na ndizi zake mwenyewe vinatosha. Kilichokosekana kwa huyu kilikuwa hamu ya kula, si chakula. Lakini usingizi unahitaji kutajwa, kwa kuwa homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na kijana wa umri huu anahitaji saa nane hadi kumi. Hapa kwetu lazima niitaje miraa. Najua ndiyo iliyosomesha nusu ya jamaa zangu. Hata hivyo huondoa njaa na hufukuza usingizi, vitu viwili ambavyo kipa anayekua hawezi kuvipoteza, na vijana wanaanza kuionja mapema mno wakiwafuata wakubwa. Mazoezi nayo yawe na kiasi: saa zake kwa wiki zisizidi umri wake, na apumzike walau siku moja kwa wiki.

Eksirei ilionyesha ufa. Nilipotaja plasta ya wiki nne, mama alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba Jumamosi iliyofuata mtu mwingine wa vipaji alikuwa anakuja kutazama makipa karibu na Kinoru, na kwamba rafiki yake alikuwa amemwombea mtoto nafasi. Akauliza kama plasta haiwezi kungoja siku tano. Kijana alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama mama yake. Nilisema haiwezi. Mama hakuniaga vizuri siku ile, na simlaumu.

Plasta ilitolewa kwa wakati wake na mfupa ukaunga sawa, ingawa nitaendelea kuupiga picha mpaka niridhike unakua. Juzi, miezi minne tangu siku ya kwanza, walirudi wote wawili. Utepe ulisoma 153. Mama akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaniuliza amnunulie glavu za saizi gani. Nilimwambia asitoe pesa nyingi, maana zitambana kabla ya Krismasi.