Picha Iliyovuka Ziwa Mara Mbili

Tawi la Nansio, Ukerewe, la chama chetu cha akiba na mikopo linaishi kwa intaneti ya bando. Chini ya meza ya keshia kuna seva ndogo inayopokea nakala ya hifadhidata ya makao makuu hapa Mwanza, ili mtandao ukikatika mwanachama aweze kuonyeshwa salio lake. Nakala hiyo naiangalia mimi. Mwaka jana, kila ikikaribia tarehe 20, keshia alikuwa akinipigia: "Dada, bando limeisha tena."

Kwanza nikawasha ubanaji wa data wa zlib, ambao MySQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, inao tayari. Matumizi hayakushuka kiasi cha kuonekana. Iliniuma, maana bando hilo hulipwa na wauza dagaa wanaoweka akiba kwetu.

Usiku mmoja nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko, ile ambayo seva kuu huandika ili seva ya pili isome na kurudia. Nikamfuatilia mama mmoja aliyeweka shilingi 5,000. Kilichobadilika ni salio tu. Kilichosafiri ni mstari wake wote: jina, kijiji, mrithi, na picha yake ya kilobaiti 300. Tena mara mbili, kwa sababu MySQL isipoambiwa vingine huandika mstari ulivyokuwa na ulivyo sasa. Kilobaiti 600 kwa ajili ya elfu tano! Picha ya JPEG imekwishabanwa tangu ilipohifadhiwa, na zlib hutafuta marudio ndani ya kilobaiti 32 zilizotangulia tu. Ile picha ya pili, iliyo mbali kilobaiti 300, haikuitambua.

Ipo njia nyepesi zaidi: kupeleka amri yenyewe. "Ongeza riba kwa wote" ni sentensi moja, hata wanachama wakiwa 4,000. Kwa pesa za watu siitaki. Amri inayotunga kitambulisho papo hapo inaweza kutoa kimoja Mwanza na kingine Nansio.

Nikabadilisha mpangilio uitwao binlog_row_image, kutoka "full" kwenda "minimal". Sasa inapelekwa namba ya uanachama, ili Nansio ijue mstari ni upi, pamoja na salio jipya. Picha husafiri ikipigwa upya tu.

Jedwali moja la zamani la mikopo lilinisumbua. Halikuwa na ufunguo mkuu, yaani namba ya kuutambulisha kila mstari, hivyo liliendelea kubeba mstari mzima wa kabla ya badiliko. Nililipatia namba Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.